Mpishi na Mwenye Nyumba: Adabu Tulizojifunza Jikoni

 

Ijumaa mbili zilizopita, tulipokwisha darsa yetu ya baada ya alasiri, alibaki kijana mmoja katika wanafunzi wetu, akangoja mpaka watu wamepungua, kisha akatukaribia akauliza kwa sauti ya chini. Kijana huyu amepata kazi ya upishi katika nyumba ya watu. Si hotelini wala mkahawani, bali ni mpishi wa nyumba moja, apike asubuhi, adhuhuri na jioni. Ujira wake ni wa kutosha. Lakini jamaa zake wamemjia juu. Wamwambia kuwa mtu aliyesoma, aliyehifadhi juzuu kadhaa, haimpasi kusimama nyuma ya mlango wa mtu akingoja kuitwa alete chai. Mjomba wake amefika hadi kumwambia kuwa kazi hiyo itamharibia siku atakapokwenda kuposa. Basi akatuuliza: je, sheikh, kazi hii ina aibu katika dini? Na akiingia, ajichukue vipi?

Siku ile tulimjibu maneno machache kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia. Leo twajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu swali hili ni la vijana wengi wa mji huu, wanaume na wanawake, wanaofanya kazi katika majumba ya watu hapa pwani na ng'ambo huko Uarabuni. Tena kuna sababu ya pili ambayo wengi katika wasomaji wetu hawaijui. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa mpishi wa nyumba ya mtu. Tulikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Jioni twasoma fiqhi na nahau msikitini, na tangu alfajiri mpaka baada ya adhuhuri twashika mwiko. Tulikaa katika kazi hiyo miaka 3.

Ama kuwa kazi ina aibu, hilo halihitaji maneno mengi. Nabii Musa, amani imshukie, alijiajiri kwa mzee wa Madyan kwa muda wa miaka 8, na kama angependa kutimiza 10 basi ni kwa hiari yake. Habari hiyo imo katika Suratul Qasas. Na Mtume wetu (s.a.w.) amewaeleza masahaba zake kuwa yeye mwenyewe alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa malipo kidogo, na habari hiyo ameipokea Bukhari. Basi huyo mjomba na aangalie ni nani anayemwona duni. Aibu iko katika kula jasho la mtu, haiko katika kutoka jasho. Na twawajua watu wa mji huu ambao wanaona haya kupika kwa mshahara, wala hawaoni haya kukopa na kutolipa.

Hili la pili ndilo zito, yaani kujichukua vipi. Hapa twaomba ruhusa ya msomaji tueleze jambo lililotupata, ingawa si la kujisifia.

Mwenye nyumba tuliyemfanyia kazi alikuwa mzee wa makamo ya juu, mfanyabiashara, mtu wa sala na mwenye kupenda wageni. Alikuwa na maradhi ya moyo na presha, na daktari alikuwa amemkataza chumvi. Kwa hivyo kila siku tulikuwa tukipika vyungu viwili: chungu cha watu wa nyumbani, na kijisufuria cha mzee, kisichokuwa na chumvi ila ukwaju, ndimu, tangawizi na tui. Sisi tulikuwa vijana, na mikono yetu ilikuwa imeanza kusifiwa. Wageni walikuwa wakila biriani yetu huuliza kimepikwa na nani. Basi kile kijisufuria kilikuwa kikituudhi. Tulikiona kama tusi. Kila tulipokionja tulisema nyoyoni mwetu: mtu akila hiki atadhani hatujui kupika.

Siku moja walikuja wageni kutoka Lamu, watu wakubwa. Mzee akasema atakula nao katika sinia moja, na chakula chake kiwekwe upande wake. Tukafikiri: katika sinia moja mikono huchanganyika, mgeni akitia mkono upande wa mzee akaonja, jina letu limekwenda. Tukachukua chumvi tukatia katika kile kijisufuria. Hatukusahau, wala hatukukosea mkono. Tulijua tunalolifanya.

Mzee alipotia tonge la kwanza alitutazama. Tulikuwa tumesimama mlangoni na birika na bakuli la kunawia. Alitutazama mara moja, kisha akaendelea kuzungumza na wageni wake na kula. Usiku ule pumzi zilimbana, miguu ikamvimba, akachukuliwa hospitali akalala siku mbili. Sisi tulilala jikoni usiku huo bila usingizi, na dua zetu zote zilikuwa za kujiombea sisi, kwamba asife tukawa tumemwua. Hata katika dua nafsi ilikuwa imetangulia mbele.

Aliporudi alituita chumbani kwake peke yetu, akatuambia tufunge mlango. Akasema, "Mwanangu, chumvi ile uliisahau?"

Mlango wa udhuru aliufungua yeye mwenyewe. Lau tungesema ndiyo, yangekwisha. Tukamwambia, "La, mzee. Tuliitia kusudi, kwa kuwaogopa wageni." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi kesho nipikie changu, wa kupaka, na ndimu nyingi." Hakututoa kazini, hakuwaambia watoto wake, wala hakulirudia jambo lile mpaka siku tuliyoagana.

Hatusemi kuwa mzee alifanya vyema kula chakula kile. Nafsi ni amana, na mtu hana ruhusa ya kuidhuru kwa ajili ya kumstiri mpishi wake. Angeweza kuacha kwa njia nyingine, akasema ameshiba. Lakini sisi mpaka leo, kila tukikaa kumrudi mwanafunzi aliyekosa, hukumbuka ule mlango uliofungwa kwanza ndipo maneno yakaanza. Na Anas bin Malik amesimulia kuwa alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 wala hakupata kusikia kwake neno la kuchoka naye, wala kuulizwa kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya hivi. Hadithi hii tulikuwa tumeihifadhi kwa isnadi yake kabla ya siku ile.

Basi ewe kijana uliyeuliza, la kwanza tukwambialo ni hili: chakula upikacho si chako. Mikono ni yako na ujuzi ni wako, lakini kinywa ni cha mwenzio. Mpishi wa hoteli hupika apendavyo, na asiyekipenda atakwenda kwingine. Mpishi wa nyumba hupikia watu wale wale kila siku, naye hana budi kuwajua: huyu hana meno, wali wake uwe laini kama bokoboko, huyu tui zito humkaa kifuani, mtilie tui la pili, huyu mtoto ana mzio wa njugu. Mwenye kiburi hawezi kazi hii, kwa kuwa kila siku ataambiwa apunguze kitu ambacho yeye anaona ndicho kizuri zaidi. Na siku utakayofanya kazi yako vizuri kabisa ndiyo siku ambayo hakuna atakayesema neno. Watakula, watanawa, wataondoka. Hilo lilituuma sana mwaka wa kwanza.

Tena jua ya kwamba jikoni ni mahali pa amana kubwa kuliko dukani. Mwenye duka akipunja mizani, mnunuzi huweza kupima tena. Mpishi akitia kisichofaa, au akakiacha kilichochacha akakipasha moto, au akakata nyama bila kunawa, nani atamwona? Watu hukaa wakasema Bismillahi wakala, wakiwa wamekuamini. Sisi tulivunja amana hiyo kwa kijiko kimoja cha chumvi.

Sasa twawageukia wenye nyumba na wageni, kwani hawa ndio wasomaji wetu wengi, na mtu akisimama nyuma ya mlango miaka 3 huona mengi.

Huona kwamba mgeni mwenye kualikwa saa saba hufika saa tano, akakaa akinusa. Huona kwamba akisha kula haondoki. Huegemea mto, akaagiza kahawa mara ya tatu, na mazungumzo hayaishi, hali mpishi hajala wala hajasali, na vyombo vimejaa mpaka mlangoni. Katika Suratul Ahzab, aya ya 53, Mwenyezi Mungu amewafundisha waumini wasiingie nyumba za Mtume ila kwa idhini, wala wasingojee chakula kiwive, na wakishakula watawanyike, wasikae kwa mazungumzo, kwani jambo hilo lilikuwa likimuudhi Mtume naye akiwaonea haya kuwaambia. Kisa chake ni karamu ya ndoa ya Bibi Zaynab binti Jahsh: watu walikula wakaondoka, wakabaki wachache wakizungumza, Mtume akatoka, akarudi akawakuta wangali wapo. Aya hiyo husomwa sana katika mlango wa hijabu, na hiyo ni haki yake. Lakini sehemu yake ya mwanzo ni ya wageni na sufuria, na sehemu hiyo hatuwasikii watu wakiitolea darsa.

Huona pia jambo la wageni wasioalikwa. Mwenye nyumba ameagiza chakula cha watu 8, mara wanaingia 13, kwa kuwa kila mmoja amemkokota rafiki. Wenye kukaa sinia hudhani kuwa chakula kimetosha, wakasema baraka imeshuka. Baraka ni haki, hatuikanushi. Lakini mara nyingi kilichotosheleza ni fungu la mpishi. Yeye ndiye aliyepakua lake akaliongeza juu ya sinia, akabaki na ukoko na rojo ya chini. Sahaba mmoja wa Kiansari, Abu Shu'aib, aliona athari ya njaa katika uso wa Mtume (s.a.w.), akamwamuru mtumishi wake, aliyekuwa mchinjaji, atengeneze chakula cha watu 5, kisha akamwalika Mtume awe wa 5 wao. Mtu wa 6 akawafuata njiani. Mtume alipofika hakuingia naye kimya. Alimwambia mwenye nyumba kuwa mtu huyu ametufuata, ukitaka mpe idhini, na ukitaka atarudi. Mwenye nyumba akampa idhini. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliombea idhini mtu mmoja kwa chakula kilichopimwa, basi sisi tunaoingia na kaumu tuna hoja gani?

Na ama kutia ila chakula, Abu Huraira amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kutia ila chakula kamwe: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Lakini sikiliza barazani baada ya walima wowote hapa mjini. Nyama ilikuwa ngumu, pilau imezidi bizari, wali umeshikana. Na sisi wavaaji wa majoho tumo. Labda ndio wa mbele, kwa kuwa hualikwa mno hata ndimi zetu zimekuwa mizani. Aliyepika yuko uani, amesimama tangu saa nane za usiku juu ya sufuria za mafiga, macho yamemwiva kwa moshi, na uani na barazani ni ukuta mmoja. Asikia.

Hapo ndipo ilipo ile hadithi ya Abu Huraira ambayo twaona ingefaa kutundikwa katika kila chumba cha kulia. Maana yake ni kuwa mtumishi wako akikuletea chakula chako, mkalishe nawe ale. Usipomkalisha, basi mpe walau tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyestahimili joto lake na taabu yake. Tazama sababu iliyotajwa. Haikutajwa kuwa ni maskini, wala kuwa ana njaa. Limetajwa joto. Hiyo ni haki ya moto uliomuunguza. Na katika riwaya ya Muslim, hata chakula kikiwa kidogo na walaji ni wengi, bado tonge lile halimuondoki.

Je, katika nyumba zetu ni ngapi ambazo mpishi hula kile kile? Twajua nyumba ambazo nyama hufungiwa kabatini, na mpishi huwekewa sima na mchicha wake mbali. Abu Dharr (r.a.) alionekana amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa mfano wake, alipoulizwa, akaeleza kuwa aliwahi kumtukana mtu kwa sababu ya mama yake, Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa yeye angali na jambo la ujahili ndani yake, kisha akamfundisha kuwa watumishi ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavike tunachovaa, tusiwakalifishe wasiloliweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Tazama jinsi Abu Dharr alivyolichukua neno lile akaishi nalo, mpaka watu wakamtambua kwalo barabarani.

Wako ambao hujibu: hao wetu si Waislamu, ni watu wa bara. Jawabu hili tumelisikia kwa masikio yetu, tena kwa mtu wa safu ya mbele. Twamwuliza: je, hukusoma habari ya yule kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume (s.a.w.)? Alipougua, Mtume alikwenda nyumbani kwao kumzuru, akakaa karibu na kichwa chake. Bukhari ameipokea kwa Anas. Moto wa jikoni haubagui mtu kwa dini yake, na joto ndiyo sababu iliyotajwa katika hadithi. Na kumwita mtu mzima mwenye mke na watoto kwa jina la "boi," au kumpigia makofi kama kuku, ni katika huo huo ujahili wa kutukana watu kwa asili zao.

La mshahara hatutalirefusha. Katika hadithi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa mshindani siku ya Kiyama wa watu watatu, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi, naye asimpe ujira wake. Mwenye kumwambia mpishi wake "subiri mwezi ujao" na yeye ana sherehe ya arusi wiki hii, na ajue ni nani atakayesimama naye.

Turudi kwa kijana wetu. Aliuliza pia mambo mawili ya hukumu. Je, mpishi aliyefunga Ramadhani aweza kuonja? Jawabu: akihitajia, hapana ubaya, naye aonje kwa ncha ya ulimi na ateme, asimeze, na hili limepokewa kwa Ibn Abbas. Kuonja pasipo haja wanazuoni wetu wa Kishafi wamelichukia. Sisi tulikuwa tukipima chumvi kwa mkono na kwa kuzoea, na mara nyingi ulitosha. Baada ya kisa cha chumvi, lakini, hatukuwa tena na hamu ya kujiamini.

La pili ndilo lililokuwa likimkera zaidi, naye hakulisema ila mwisho. Wenye nyumba hiyo ni wageni wasiokuwa Waislamu, nao wapenda baadhi ya vyakula vipikwe kwa mvinyo. Akaogopa kuwa akikataa ataonekana hana adabu, nasi tumekuwa tukimhimiza unyenyekevu tangu mwanzo. Tukamwambia: unyenyekevu ni kuishusha nafsi yako, haukuwa kuishusha haki ya Mwenyezi Mungu. Hapana utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini namna ya kukataa ina adabu zake. Usingoje mpaka chupa imewekwa mbele yako na wageni wameketi, ukamhizi mwenye nyumba. Huko ni kutia chumvi kwa njia nyingine. Nenda kabla ya siku ya kwanza, mkiwa faragha, useme waziwazi ni lipi usiloliweza na sababu yake, bila kumhukumu yeye katika nyumba yake, na umpe badala: siki, ndimu, ukwaju. Naye akikataa, shika njia yako kwa salama, riziki ina milango. Jabir bin Abdillah amesimulia kuwa siku moja Mtume (s.a.w.) aliuliza kitoweo nyumbani, akaambiwa hapana ila siki, akaiagiza, akaila huku akiisifu. Basi siki si kitu cha kumwonea mtu haya kumpa.

Jumatatu iliyopita kijana alitujia tena msikitini. Alikuwa amekwenda akasema kama tulivyomwelekeza, na jasho, asema, lilimtoka mpaka viatuni. Mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali habari ya mvinyo pasipo shida, ila akamwekea sharti moja, kuwa apunguze pilipili, kwa kuwa mkewe haiwezi. Kijana akatwambia kwa masikitiko kuwa mchuzi wake bila pilipili hauna maana.

Tukamwambia apunguze.